Mtu wa Kamati ya Macho

Kilbarna, Kaunti ya Roscommon
Jumapili, 19 Agosti 1962

Mdogo wangu Colman,

Pokea salamu za nyumba hii, ambayo bado imesimama ingawa wewe uliondoka bila hata kufunga lango. Mimi ni mzima. Baba ni mzima, na kisirani chake ni kizima kuliko yeye mwenyewe. Nyasi tumekata, nusu tumeanika na nusu zimenyeshewa, kwa hiyo habari za ng'ombe usiniulize. Kaburi la Mama nimelipalilia. Kwenye kiwanda cha maziwa bado nawapigia taipu barua zao, na meneja bado hajui nukta inawekwa wapi.

Kipande cha gazeti nimekipata, asante. Hivi ile picha ni yako, au ni gunia la viazi lililovishwa kaptula? Nimesoma na maneno ya chini yake: "Farasi wa mkokoteni kutoka Ayalandi." Mwanamume mzima wa miaka ishirini na sita, Waingereza wanakuita farasi, na wewe unachukua mkasi, unakata, unatia kwenye bahasha na kulipia stempu! Kweli umeendelea.

Umeuliza kama Baba ameiona. Nilimwekea kando ya kikombe cha chai. Akavaa miwani, akasoma juu hadi chini, jambo ambalo hajawahi kuifanyia barua ya askofu. Kisha akasema, "Kumbe hawa watu hata kaptula za kuwatosha hawana," akainuka akaenda kukamua. Kipande chenyewe sijakiona tena. Nadhani kimewashia jiko.

Ulitarajia nini? Usijifanye umesahau. Chama kinachosimamia mpira wetu, huu wa mikono na miguu, kina kanuni yake: mwanachama akionekana kwenye mpira wa Waingereza, yaani soka, hata akiwa anatazama tu, anafungiwa. Wewe ulikuwa unachezea kaunti yetu, halafu ukaenda Sligo ukasimama nyuma ya goli, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja basi. Mtu wa Kamati ya Macho, wapelelezi wa Chama, akakuona, jina lako likaletwa hapa, na katibu wa klabu ya parokia aliyetakiwa kusaini barua ya kukufungia alikuwa Malachy Tierney, baba yako mzazi. Angeweza kumwachia mwenyekiti. Hakumwachia. Alisaini mwenyewe, akaikunja, akakukabidhi mezani ukiwa bado unatafuna. Wiki iliyofuata ukapanda meli, na ni miaka saba sasa hamjaandikiana hata "hujambo".

Mimi ndiye niliyebaki kuwa daraja lenu, na kila mmoja ananikanyaga. Andika ukiwa na la maana.

Dada yako,
Attracta


Calderbrook, Lancashire
9 Septemba 1962

Dada Attracta,

Salamu zako zimefika, na miiba yake yote. Mimi naendelea. Mvua ya huku ni ileile ya kwetu, ila huku ina moshi ndani. Mama mwenye nyumba, Bi Ogden, bado ananipikia pai za nyama ambazo nyama yake sijaiona tangu nihamie, na kila Jumamosi nikitoka kucheza ananiuliza, "Mmeshinda, mwanangu?" wakati redio imeshamwambia kuwa tumefungwa tatu. Mpe pole meneja wako na nukta zake.

Unacheka kuhusu farasi wa mkokoteni. Cheka tu. Ndiyo kazi ya kiungo, dada. Mshambuliaji anafunga, anabebwa juu. Kipa anadaka, anapigiwa makofi. Kiungo anakimbia kutwa nzima katikati ya matope, anampora huyu mpira, anampa yule, na watu wanamkumbuka siku akikosea tu. Wakurugenzi wa klabu yetu ni wenye viwanda vya nguo, na kwa miaka sita hawajajua jina langu. Mmoja bado ananiita Paddy, mwingine ananiita Colin. Nikiwaitikia wote wawili, wananiona nina adabu.

Sasa la maana ni hili. Nimeitwa timu ya taifa. Ndiyo, mimi, gunia la viazi. Tunacheza na Wafini pale Dublin, Jumapili tarehe 11 Novemba. Nimeweka humu tiketi mbili za jukwaa la kusimama, upande wa mashariki, karibu na bendera ya katikati, ili nijue pa kutazama.

Nataka Baba aje. Sikuombi umbembeleze, wala sitaki aombe radhi. Tangu lini huyo akaomba radhi? Hata kwa padri anaungama kama mtu anayetoa amri. Nataka anione nikicheza mara moja tu. Amewaona watoto wa kila nyumba ya parokia wakicheza, hata wale wapumbavu wa kina Beirne wanaopiga mpira kwa ugoko. Mimi tangu nianze kazi hii hajaniona hata dakika moja. Usiniulize kwa nini iwe sasa. Iwe sasa, basi.

Mdogo wako,
Colman


Kilbarna
30 Septemba 1962

Colman,

Sisi hatujambo, na viazi vya mwaka huu havijambo kuliko sisi. Hongera kwa kuitwa. Nimeisema mara moja, sirudii, usije ukavimba kichwa ukakosa kofia.

Tiketi nilizipeleka mezani kama ulivyotaka. Nakuandikia maneno yenyewe, usije ukasema nimepunguza.

Akauliza, "Hizi za nini? Za sarakasi?"

Nikamwambia, "Za Dublin. Mwanao anaichezea Ayalandi."

"Ayalandi ipi?"

"Ipo nyingine, Baba?"

"Mwanachama haingii huko," akasema. "Nimewafungia watu kumi na wanne kwa kanuni hiyo. Kumi na wanne, Attracta! Leo niende mimi nikakae kwenye jukwaa kama bwana harusi, kwa sababu ni mwanangu? Watu wataniitaje?"

"Watakuita baba."

Akazisukuma tiketi kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani yenye nywele, akamalizia kabichi yake. Basi nikajua imeshindikana.

Kumbe nilikuwa sijaona kitu. Ijumaa iliyopita amekwenda mkutano wa kaunti, na amerudi akiwa mjumbe wa Kamati ya Macho. Sikutanii. Baba yetu! Wale wanaume wa makoti ya mvua wanaotumwa kwenye mpira wa Waingereza kuwaona wanachama na kuandika majina yao. Wao peke yao ndio wanaoruhusiwa kuingia huko bila kufungiwa, kwa kuwa eti wapo kazini. Na wajinga hawajui kwamba kila mtu anawatambua: katika watu elfu ishirini, wao ndio wasiopiga makofi.

Dominic Hanly, mwenyekiti wa klabu, ameniambia hakuna aliyemwomba. Alijitolea mwenyewe, tena akataja mechi anayoitaka: Dublin, tarehe 11 Novemba. Amepewa na kitabu kidogo cha kuandikia. Unajua katika nchi hii mchongezi anavyotazamwa. Babu yake Baba alifukuzwa kwenye shamba lake na mchongezi, na kisa hicho tumelishwa utotoni kila jioni pamoja na uji. Leo mjukuu wake amejiandikisha.

Kiwandani hawanisemeshi. Wanaume ishirini na kitu wa hapa walikuwa wamepanga kuja kukuona, na padri wamemwambia wanakwenda hija Drogheda kukitazama kichwa cha Mwenye Heri Oliver, yule shahidi, kilichohifadhiwa kanisani. Sasa hawajui waende au wabaki.

Ningekuwa na pa kuhamia ningehama.

Attracta


Calderbrook
21 Oktoba 1962

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nilishikwa na mafua nikalala siku kadhaa. Si kitu, usianze kunitumia chupa za dawa za bibi.

Habari zako nimezisoma mara tatu, na kila mara nimecheka, ila sikufurahi hata mara moja. Kwa hiyo atakuja! Mimi nimemtumia tiketi aje kama baba, amekataa. Chama kimempa daftari aje kama askari, amekubali. Tena amejitolea! Kunifungia mara moja hakukumtosha. Labda usiku analala vibaya akihofu kuna Mwayalandi mmoja mahali fulani anauona mpira bila kuandikwa.

Mwambie herufi za jina langu ni zilezile. C, o, l, m, a, n. Tierney anaijua, maana aliiandika vizuri sana mara ya kwanza.

Na hao mahujaji wenu waambie waje. Waje na makofi yao. Kama Baba atawaandika wote, klabu yake itabaki na kipa na mbwa wa padri, na huo utakuwa mpira mzuri kuliko wanaoucheza sasa.

Wewe njoo, Attracta. Simama pale nilipokwambia. Angalau nione uso mmoja usio na daftari.

Colman


Calderbrook
14 Novemba 1962

Dada Attracta,

Natumaini ulifika salama. Mimi nilirudi na meli ya Jumapili usiku, na Jumatatu saa nne nilikuwa uwanjani nikizungushwa na kocha, kwa sababu kuichezea nchi yako hapa kunahesabiwa kama utoro.

Tumeshinda mbili kwa moja. Bao la pili pasi ilikuwa yangu. Magazeti yameandika jina la mfungaji, na la kipa wa Wafini, na la mbwa aliyeingia uwanjani. La kwangu hawakulitaja. Sikushangaa.

Nilikuona. Ulivaa lile koti la kijani la Mama. Nikamwona na yeye ubavuni pako, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, utafikiri amekwenda kuiba kuku. Nyuma yenu wamejaa wale wa Drogheda, wote wamejifunika skafu hadi puani. Nilisikia mmoja akipiga kelele, "Mzee Malachy, andika na hili koti langu, nalo limekuja!" Jukwaa zima likacheka. Yeye hakugeuka.

Nilitazama dakika ya kumi: anaandika. Nikatazama dakika ya arobaini wakati wa kurusha mpira: anaandika. Mwanawe yuko hatua kumi mbele yake amevaa jezi ya kijani, yeye ameinamia karatasi! Baada ya hapo sikutazama tena.

Halafu nikafanya ujinga. Mechi ilipokwisha nilisimama kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Wenzangu wote walifuatwa na watu wao. Mama wa beki wetu alimletea mkate wa magadi, bado wa moto, ameufunga kwenye taulo. Mimi nilisimama pale saa nzima na nywele mbichi, hadi mlinzi akaniuliza, "Kijana, umepotelewa na mtu?" Nikamwambia hapana. Hata wewe hukuja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi yametosha. Nilitaka anione, hakutaka kuniona. Usiniandikie tena habari zake. Akifa, nijulishe kwa simu ya maandishi, maneno matano yanatosha.

Colman


Kilbarna
Jumapili, 9 Desemba 1962

Colman, mpumbavu wangu,

Mimi mzima, ng'ombe wazima, na nyumba imeezuliwa kidogo upande wa kaskazini na upepo. Umenikataza kuandika habari za Baba. Nimekaa karibu wiki nne nimekutii, na tangu nizaliwe sijawahi kumtii mtu muda mrefu hivyo, tena mtu niliyemfuta kamasi. Leo nimechoka. Kaa kitini usome hadi mwisho, na ukiichana barua hii nitakuja huko Lancashire nikuchape mbele ya Bi Ogden.

Siku ile kwenye treni ya kurudi Baba aliniapisha nisikwambie lolote. Nimekuwa na kiapo hicho kama kipande cha kaa la moto mfukoni. Sasa naona nikikaa nacho nitaungua mimi tu, kwa hiyo nakimwaga. Nitaungama Jumamosi.

Kwanza nikupe ya parokia. Tuliporudi kutoka Dublin hapakukalika. Fainali ya kaunti iliyokuwa imeahirishwa kwa mafuriko ilipangwa tarehe 2 Desemba, na timu yetu imo, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mmoja. Na wachezaji tisa wa timu hiyo walikuwa mahujaji wa Drogheda! Walijua wako kwenye daftari. Basi ungeona wema uliotuangukia. Mayai. Bata bukini aliyechinjwa. Mkokoteni mzima wa mboji kavu ya kuwashia moto umemwagwa uani, tumeamka tumeukuta. Watu walewale waliomwita Baba mchongezi sokoni walianza kumvulia kofia barabarani. Baba akarudisha kila kitu, hadi mayai, na mboji akaipakia upya kwa uma, peke yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ameandika nini, na mimi niliuliza akaniambia nikaangalie maziwa yasimwagike.

Mkutano ukawa Alhamisi, tarehe 29. Mimi ndiye nipikaye chai pale ukumbini, kwa hiyo nimeyasikia kwa masikio yangu. Ukumbi umejaa kuliko misa ya Pasaka. Dominic Hanly amekaa mezani, rangi imemtoka kama maziwa yaliyotolewa siagi. Alikuwa na sababu: yeye mwenyewe, mwenyekiti, alikuwa Dublin kwenye safu ya tatu nyuma yetu, na masharubu ya bandia!

Akasema, "Katibu, leta taarifa ya Kamati."

Baba akasimama, akavaa miwani, akafungua daftari. Akasoma: "Tarehe kumi na moja Novemba nilihudhuria mchezo wa Waingereza mjini Dublin kwa niaba ya kamati. Mwanachama aliyeonekana ni mmoja. Malachy Tierney, wa Kilbarna."

Mimi nilimwaga chai kwenye sahani.

Dominic akasema, "Mzee Malachy, wewe ulikuwa kazini. Kanuni inakuruhusu."

"Kanuni inamruhusu anayeangalia watu," Baba akasema. "Mimi sikuangalia watu. Niliangalia mpira. Na dakika ya hamsini na sita nilipiga kelele."

"Kelele za namna gani?" mmoja akauliza.

"Za kushangilia. Na kofia nikaitupa, na haikurudi."

Ni kweli, Colman. Nilikuwa ubavuni pake. Ulipompora yule Mfini mkubwa mpira, ukageukia kushoto na kuupenyeza kati ya mabeki wawili hadi mguuni kwa mfungaji, Baba aliruka. Mzee wa miaka sitini na tatu! Alipiga ukelele niliousikia mara ya mwisho siku ulipozaliwa, akairusha kofia ya Jumapili juu ya vichwa vya watu, na alikuwa akimwambia kila mtu, hata wageni wa Kifini, "Wa kwangu yule! Yule wa katikati, wa kwangu!" Wewe ulikuwa umeshaamua kutotazama. Ndivyo ulivyo, unanuna mapema, unakosa mambo.

Dominic akamsihi aliondoe jina lake. Baba akakataa. Akasema amewafungia watu kumi na wanne kwa kutazama tu, na mmoja wao alikuwa mwanawe, na kama kanuni ni kanuni basi imkate na yeye, na kama inaweza kupinda kwa ajili yake, ilipaswa kupinda miaka saba iliyopita. Akachukua karatasi ya klabu, akaiandika mwenyewe ile barua ya kumfungia Malachy Tierney, akasaini kama katibu, akaikunja na kujikabidhi. Miaka arobaini ya Chama, akatoka nayo mfukoni. Watu wakampisha njia kama jeneza linapopita.

Na hao tisa aliowanusuru? Walicheza fainali, wakafungwa kwa pointi kumi na moja. Ningekuwa mimi ningewaandika wote.

Sasa la daftari. Usiku ule alilala bila kulichukua mezani, nami nikalifungua, maana mimi si mtu mzuri. Hakuna jina hata moja la mwanachama. Kurasa tisa, Colman, na zote ni wewe. "Dakika ya 3, amempa beki pasi safi. Dakika ya 8, amepiga kelele kuwapanga wenzake, anasikilizwa. Dakika ya 10, hageuki kulia. Dakika ya 17, hageuki kulia tena. Anaanza kukimbia na mguu wa kushoto kila mara. Dakika ya 40, ameinuka kwa kushika nyasi. Goti." Neno "goti" limepigiwa mstari mara mbili hadi karatasi imetoboka.

Ndiyo sababu hatukuja mlangoni. Nilimvuta mkono, nilimwambia kijana anatungoja. Akasema, "Nikimwona uso kwa uso nitamuuliza goti, siwezi kujizuia. Nitamuuliza mbele ya makocha na waandishi, nao watamwondoa kikosini kesho. Simwondoi mtoto kwenye timu mara ya pili." Kisha akatembea hadi stesheni kichwa wazi kwenye mvua.

Ile Kamati, mimi na wewe tuliitukana bure. Kwa akili yake ya mbao, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuingia uwanjani bila kuvunja kanuni. Alitaka kukuona na bado abaki mwaminifu. Alipokuona akashindwa kuyabeba yote mawili.

Mafua, uliniandikia! Mficha maradhi kifo humuumbua. Umenidanganya mimi, umemdanganya daktari wa klabu, umewadanganya wenye viwanda vya nguo, na mzee wa ng'ombe kutoka Roscommon amekubaini kwa dakika kumi, chini ya kofia, kwenye mvua.

Nimemwambia leo asubuhi kwamba nakuandikia yote. Nilidhani atanitupia kikombe. Badala yake ameomba kalamu. Anasema mstari mmoja unamtosha. Huu hapa chini ni mwandiko wake.

Dada yako akupendaye, ingawa hustahili,
Attracta

*Ni goti la kulia. Tangu lini? M. T.*


Calderbrook
Jumapili, 16 Desemba 1962

Baba,

Shikamoo. Hii barua ni yako. Attracta atataka kuisoma, mwache, la sivyo hutalala.

Tangu Februari. Tulikuwa tunacheza kwenye uwanja ulioganda, nikageuka, mguu ukabaki. Nilisikia kitu kikikatika kama kijiti. Tangu siku hiyo nachomwa sindano kila kabla ya mechi na mtu wa pembeni ninayemwendea kwa siri. Oktoba nilipomwambia Attracta nina mafua, nilikuwa siwezi kushuka ngazi. Daktari mwingine, wa mjini, ameniambia nisitarajie kumaliza msimu. Ndiyo maana nilitaka uje Novemba. Niliogopa hakutakuwa na Novemba nyingine.

Watu wanaoniona wakiwa kazini ni wengi, Baba. Kocha yupo, daktari wa klabu yupo na miwani yake minene, waandishi wapo, na watu elfu kumi na tano kila Jumamosi. Miezi kumi hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilikuwa nikijisifu kwamba mimi ni hodari wa kuficha. Kumbe hawakuwa wananitazama.

Juzi nilimwendea kocha nikamwambia ukweli. Hakupoteza muda, pole alinipa mlangoni wakati ananifungulia. Mkurugenzi aliyekuwa akiniita Colin amenipa mkono na kuniaga, "Kila la heri, Paddy," kwa hiyo wote wawili wamekubaliana hatimaye. Nimecheza miaka sita na miezi minne, na timu ya taifa mara moja. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walikuwa wananifikiria mimi, na najua nawe umelifikiria hilo na umejizuia kuliandika. Nashukuru kwa kujizuia. Najua ilikugharimu.

Kuhusu barua uliyojiandikia, ulifanya upumbavu, na nimelia nilipoisoma habari yake. Nayasema yote mawili kwa sababu yote ni kweli. Ile yangu ya miaka saba iliyopita ilinichoma sana, Baba, na bado inachoma kidogo. Tutaizungumza, si kwa karatasi.

Nafika na treni ya Ijumaa, tarehe 21, saa tisa alasiri. Nina sanduku kubwa la mbao na siwezi kulibeba, mguu haukubali. Wapagazi wa stesheni yetu unawajua, watalitazama tu. Njoo wewe.

Mwanao,
Colman